Shenmue Si Gemu la Kibandani

Kwenye mabanda ya gemu ya Ngarenaro, Kaloleni na Sakina, sheria anaijua hata mtoto wa darasa la tatu: hela kwanza, mechi moja, anayefungwa anaachia pedi. Utaratibu huo unaufaa sana mpira wa kwenye runinga. Mechi inaanza, inaisha, kelele zinapanda, foleni inasogea, mwenye banda anahesabu chenji. Hapo hakuna atakayelipia nusu saa ya kumwangalia kijana wa Kijapani akifungua droo za jikoni kwao moja baada ya nyingine.

Lakini gemu la huyo mfungua droo ndilo lililoibuka la kwanza Aprili 2025, pale taasisi ya BAFTA ya Uingereza ilipowaomba wapenzi wa magemu wapige kura kuchagua gemu lenye ushawishi mkubwa kuliko yote katika historia. Shenmue, lililotolewa na kampuni ya Sega huko Japani mwishoni mwa Desemba 1999, liliyapita Doom na Super Mario Bros. Wengi walishangaa, na walikuwa na haki. Mtunzi wake, Yu Suzuki, amewahi kusema lilikula kama dola milioni 47, fedha ambazo wakati ule zilitosha kutengeneza filamu kubwa, na mauzo hayakuzirudisha. Dreamcast, mashine lililotengenezewa, iliacha kuzalishwa mwaka 2001. Toleo la pili lilitoka mwaka huohuo. La tatu lilisubiriwa mpaka Novemba 2019, tena baada ya mashabiki karibu 70,000 kuchanga zaidi ya dola milioni 6 kuanzia Juni 2015.

Siku hizi diski za mfululizo huu zinachezeka kwenye PS4, mashine ambayo imeshaingia majumbani Arusha na si vibandani tu. Kwa hiyo swali la kijana anayejiuliza kama atoe hela yake ni la haki kabisa. Jibu linategemea mambo mawili: anachokitaka kwenye gemu, na mahali anapochezea.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwaka 1986, katika mji wa bandari wa Yokosuka, kijana wa miaka 18 aitwaye Ryo Hazuki anarudi nyumbani na kumkuta mgeni wa Kichina, Lan Di, akipigana na baba yake. Baba anauawa mbele ya macho yake, kioo chenye nakshi ya joka kinachukuliwa, gari jeusi linaondoka. Gemu jingine lolote lingempa Ryo silaha na orodha ya maadui. Hili linampa daftari. Anachokifanya kwa saa nyingi zinazofuata ni kutoka nyumbani, kushuka mtaani, na kuuliza watu.

Ubora wa Shenmue unaonekana vizuri kwenye kuuliza huko. Mapema kabisa Ryo anaambiwa awatafute Wachina wa mtaani, kisha anasikia habari za watu wa visu vitatu. Anayetarajia majambazi watatu atasubiri sana. Visu vyenyewe ni vya kazi: kisu cha mpishi, mkasi wa fundi cherehani, wembe wa kinyozi. Ndizo kazi ambazo Wachina waliohamia ng'ambo walijulikana nazo, na ili Ryo asogee mbele, inabidi aende mgahawani, kwa fundi nguo na kinyozi, mlango kwa mlango, akiwa na swali lilelile. Mmoja hajui kitu. Mwingine anajua nusu. Wa tatu anamtuma kwa mzee aliyekaa bustanini. Mtu aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga Unga Limited kwa kuuliza mama ntilie, bodaboda na mwenye duka anaufahamu mwendo huu bila kufundishwa.

Watu anaowauliza nao wana maisha yao. Duka linafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Mwenye duka anafunga na kwenda zake. Baa zinaamka usiku. Anayemtafuta baharia saa nne asubuhi atakuta mlango umefungwa na atalazimika kurudi. Hali ya hewa, kwa anayependa, inaweza kufuata kumbukumbu halisi za Yokosuka za majira yale, kwa hiyo theluji inaanguka siku zilezile ilipoanguka kweli. Pale nyumbani, Ine-san, mama anayeitunza nyumba, anamwekea Ryo yen 500 kila siku, na kijana mwenye kisasi moyoni anaweza kuzimaliza zote kwenye mashine za midoli bila kuulizwa na mtu. Kuna paka mdogo kwenye hekalu la jirani, mama yake aligongwa na gari la wauaji. Ryo anaweza kumpelekea chakula kila siku, au asimpelekee kamwe. Gemu halimlazimishi.

Sehemu inayowagawa watu zaidi ni ile ya bandarini. Kufika hapo, Ryo anapata ajira ya kuendesha foklifti. Asubuhi wanaanza kwa mashindano ya mbio za foklifti, ambayo ni kichekesho cha aina yake, halafu kazi: makasha yanatolewa ghala hili kupelekwa ghala lile, kuna mapumziko ya chakula cha mchana, kazi inaendelea hadi jioni, mshahara unalipwa. Kesho yake hivyohivyo. Mchezaji mmoja ataona amenunua gemu ili aajiriwe. Mwingine, siku ya tatu, atagundua kwamba anawajua wafanyakazi wenzake kwa sura, anajua njia ya mkato ya kwenda kantini, na ugomvi wa magenge ya bandarini sasa unamhusu. Ugomvi huo unapolipuka na Ryo akajikuta anapambana na watu 70 pamoja na mwenzake mmoja, kishindo chake kinatokana na zile siku za kubeba makasha. Kuzikata ni kukata na kishindo.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida, kwamba mtu aruke sehemu za polepole afike kwenye mapigano, ni mbaya. Wanaopanda Mlima Meru wanalielewa hili. Kutoka lango la Momella, lililo kwenye mita kama 1,500, hadi kibanda cha Miriakamba kwenye 2,514, kisha Saddle kwenye 3,570, hadi kileleni kwenye 4,562, safari huchukua siku tatu au nne, na askari wa hifadhi mwenye bunduki hutembea na kundi kwa sababu ya nyati. Anayekimbia siku ya kwanza hapati mlima kwa haraka zaidi. Anapata kichwa kuuma, na anaipita misitu ambayo nusu ya wageni walikuja kuiona.

Hata hivyo, polepole ya mlima ina sababu kila hatua. Ya Shenmue mara nyingine haina.

Toleo la kwanza ndilo lenye kosa kubwa zaidi la aina hii. Ryo akiambiwa amwone mtu saa moja usiku, na kwenye saa yake ni saa nane mchana, hakuna kitufe cha kurusha muda. Siku moja ya mchezo ni karibu saa nzima ya ukutani, kwa hiyo ahadi ya jioni ni kusubiri kwa kweli. Waliotengeneza walikusudia mchezaji atumie muda huo kuzurura, kufanya mazoezi ya karate, au kuingia kwenye ukumbi wa michezo kucheza Hang-On na Space Harrier, magemu ya zamani ya Suzuki huyohuyo yaliyowekwa humo mazimamazima. Mara ya kwanza inapendeza. Mara ya sita, mchezaji anaweka pedi chini na kwenda kuchemsha chai. Toleo la pili lilikubali kosa kimyakimya: mara nyingi linampa mchezaji nafasi ya kusogeza saa hadi muda wa ahadi.

Na kuna mtego ambao mzururaji mzuri haujui. Toleo la kwanza lina mwisho wa siri wa kushindwa: mchezaji akipoteza siku hadi Aprili 15, 1987 bila kumaliza, kisa kinakatika vibaya. Miezi hiyo ni mingi na si rahisi kuifikia bila kukusudia, lakini mtu asidhani kwamba muda humo hauna gharama.

Sauti za Kiingereza nazo ni tatizo. Waigizaji wanazungumza kwa ukakamavu, wanarudia maneno waliyoulizwa, na swali la Ryo la mahali pa kuwapata mabaharia limekuwa utani wa dunia nzima. Toleo la pamoja la kwanza na la pili, lililotoka Agosti 2018, linaruhusu kuchagua sauti za Kijapani zenye maandishi ya Kiingereza chini, na kwa anayesoma vizuri hilo ndilo chaguo bora. Kiswahili hakimo. Kwa mwanafunzi wa sekondari, ukakamavu uleule una faida isiyotarajiwa: mazungumzo ni mafupi, yanatamkwa taratibu na yanajirudia, basi sikio linapata nafasi ya kushika maneno. Familia yenye mtoto wa kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la tano inaweza kumfanya mkubwa awe mkalimani, na kazi hiyo ataifanya kwa bidii kuliko zoezi la daftari.

Toleo la pili ndilo bora kuliko yote, na halina mpinzani wa karibu. Ryo anafika Hong Kong, mji unampokea kwa kumwibia mkoba, na kuanzia hapo kasi inaongezeka hadi majengo marefu ya Kowloon yaliyobanana. Halafu, kwa ujasiri ambao leo ni vigumu kuupata, gemu linamaliza kwa matembezi marefu ya milimani Guilin, watu wawili tu wakizungumza njiani. Mwenye kuchoka na Yokosuka ajitahidi afike hapa kabla ya kutoa hukumu.

La tatu linahitaji ukali zaidi. Mandhari ya kijiji cha Bailu ni mazuri mno, na mashabiki waliochanga fedha zao walistahili kuyaona. Lakini Suzuki alitengeneza gemu la 2019 kana kwamba miaka 18 haikupita. Kukimbia kunapunguza nguvu za Ryo hadi mchezaji anunue vitunguu saumu na kumlisha ili awe na afya ya kupigana. Hadithi inafungwa nyuma ya hela: mzee wa kung fu hafundishi mpaka aletewe chupa ya pombe ya bei kubwa, na bei hiyo inatafutwa kwa kupasua kuni na kuchuma mitishamba. Bandarini Yokosuka, kazi ilijenga watu. Bailu, kuni ni kuni. Na baada ya yote hayo kisa hakiishi. Lan Di bado yuko huru, na hakuna toleo la nne la kukimalizia. Anayenunua mfululizo huu ajue mapema kwamba ananunua hadithi isiyo na mwisho.

Wazazi wana jambo jingine la kuangalia. Toleo la pili na la tatu yana kamari za mitaani: kutupa mpira kwenye ubao wa misumari, kete, mbio za wanyama, na katika la tatu ushindi unabadilishwa kuwa zawadi ambazo Ryo anaziuza apate fedha. Hakuna shilingi halisi inayotoka. Lakini katika mji ambao vituo vya kubeti viko kila kona, kuona kijana anajifunza kwamba njia fupi ya kupata nauli ni kete si jambo la kupuuza, na mzazi anayekaa karibu angalau jioni za mwanzo atakuwa na la kusema.

Yokosuka ni mji wenye kambi ya wanamaji wa Marekani, na mtaa wa Dobuita wa kwenye gemu umejaa maduka yanayowauzia koti zenye nakshi, kama vile maduka ya vinyago na batiki yanavyowangoja watalii karibu na Mnara wa Saa. Watu wa Arusha wanaujua mji unaoishi na wageni: vijana wanaojua lugha kidogo kidogo, baa za wageni na baa za wenyeji, biashara inayopanda na kushuka kwa msimu. Mashabiki wa Shenmue walianza kwenda Dobuita halisi kutafuta kona walizozizoea, hadi mji wa Yokosuka ukatoa ramani kwa ajili yao. Vijana wa Arusha wanaojifunza kutengeneza magemu, na wapo, wangefaidika kulicheza toleo la kwanza wakiwa na kalamu. Gemu zima liko kwenye mitaa michache, vichochoro vyake na bandari.

Sasa mambo ya kununua. Diski inashinda kupakua, kwa sababu kadhaa za hapahapa. Tanzania haikuwa kwenye orodha ya nchi zinazofunguliwa rasmi akaunti za PlayStation Network, jambo lililojulikana dunia nzima Mei 2024 pale wachezaji wa gemu la Helldivers 2 kwenye nchi nyingi zisizo na huduma hiyo walipotakiwa kuwa na akaunti hizo na kujikuta nje. Wengi hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, na siku tatizo likitokea hawana pa kulalamikia. Pia magemu haya ni mazito, yanaweza kumeza bando la mwezi kwa usiku mmoja. Toleo la kwanza na la pili yako pamoja kwenye diski moja ya PS4. La tatu lina diski yake. PS5 yenye sehemu ya kuingizia diski inazicheza zote. Mwenye PS5 isiyo na sehemu hiyo asinunue diski kwa kudanganywa dukani.

Umeme ni suala jingine, na anayekumbuka mgao wa mwisho wa mwaka 2023 hahitaji kuelezwa. PS4 ikizimika ghafla ikiwa inaandika kumbukumbu, faili linaweza kuharibika, na katika gemu la polepole kupoteza saa nne ni kupoteza wiki ya kazi bandarini. Mchezaji aseve kila anaporudi chumbani kwa Ryo, aweke nafasi zaidi ya moja, na asizime mashine kwenye swichi ya ukutani. Anayeweza kununua betri ndogo ya UPS, hata ile ya kompyuta ya ofisini, ainunue kabla ya gemu la pili. Na LUKU iangaliwe kabla ya kukaa, hasa kwenye nyumba yenye mita ya pamoja, ambako unit za mwisho huwa hazina mwenyewe.

Muda mzuri ni jioni za masika au baridi ya Juni na Julai, mji ukiwa na ukungu na hakuna haja ya kutoka. Saa moja kwa siku inatosha: siku moja ya Ryo, kisha kulala, naye pia. Mtu asicheze kibandani kwa kulipia dakika. Hata mwenye banda akikubali, kila mtu nyuma yake atakuwa anapiga mluzi. Ni bora kucheza sebuleni na mtu wa pili asiyeshika pedi, kwa sababu anayetazama ndiye anayekumbuka jina la baa iliyotajwa jana.

Asiye na PS kabisa, lakini ana laptop ya zamani, anaweza kupata utulivu wa aina hii kwa ndugu wa mbali wa Shenmue. Myst ya mwaka 1993, kazi ya ndugu Rand na Robyn Miller, haina adui, haina saa, mchezaji hafi. Ni kisiwa, mashine zilizokaa kimya na vitabu vinavyompeleka kwenye dunia nyingine. Nakala zake za zamani zinachezeka karibu kwenye kompyuta yoyote. Riven ya 1997, inayoifuata, ni ngumu na nzuri zaidi: inabidi mchezaji ajifunze kuhesabu kwa namba za kigeni kwa kuchezea kifaa cha watoto kilichoachwa darasani. Bila karatasi na kalamu hakuna anayeimaliza.

Mwenye PS4 anayetaka matembezi tu, bila hata hadithi, atafute Assassin's Creed Origins. Tangu Februari 2018 lina sehemu iitwayo Discovery Tour, ambapo mtu anatembea Misri ya kale akielezwa kuhusu mapiramidi na Aleksandria, bila upanga hata mmoja. Walimu wa historia wangeweza kuitumia kesho. Sauti ya shujaa wake, Bayek, ni ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye baadaye aliongoza utengenezaji wa Tales of Kenzera: Zau, lililotoka Aprili 2024 likiwa na sauti za Kiswahili. Hilo ni la kurukaruka na kupigana, wala si la polepole, na halikutolewa kwa PS4. Lakini anayetaka kusikia lugha yake kutoka kwenye runinga ya sebuleni hana mengi ya kuchagua.

Kwa anayeamua kuanza na Shenmue, mpango uwe huu: diski ya toleo la kwanza na la pili, iliyotumika kama ipo, ikaguliwe mikwaruzo kwenye mwanga na ichezwe dukani dakika chache kabla ya kulipa. La tatu lisinunuliwe siku hiyohiyo, hata muuzaji akipunguza bei ya zote mbili. Mchezaji afike kwanza kwenye foklifti. Akiwa siku ya tatu ya kazi bado anaangalia saa ya ukutani badala ya saa ya Ryo, diski iuzwe mapema kwa mwingine, maana gemu la kupakuliwa lisingemrudishia hata nusu ya hela.